Tembe Si Badala ya Uchunguzi

Mwanamke wa Tseikuru au Kibwezi anapoambiwa kwamba ana kinyama ndani ya mji wa mimba, aghalabu huuliza: je, hakuna dawa, ni lazima nikatwe? Swali hilo ni la haki. Linastahili jibu la kweli, wala si pakiti ya tembe na maneno mawili ya haraka.

Kinyama hicho, ambacho madaktari hukiita polipu, huota kwenye utando wa ndani wa mji wa mimba. Kisichanganywe na uvimbe wa misuli, yaani faibroidi. Mwanafunzi wa Biolojia anajua kwamba homoni ya estrojeni huujenga utando huo, nayo projesteroni huutuliza. Ndiposa baadhi ya madaktari hutoa dawa za mfano wa projesteroni, ama zile za kuzima estrojeni, ili kupunguza damu. Nafuu hupatikana, sikatai. Lakini mara nyingi dawa zikikoma damu hurejea, maana kinyama hakikung'oka. Isitoshe, zile za kuzima estrojeni huleta vipindi vya joto la ghafla mwilini, na zikitumiwa kwa muda mrefu hudhoofisha mifupa.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi vya kutosha. Takriban robo ya vinyama hivi hutoweka vyenyewe katika mwaka mmoja, hasa vile visivyofika sentimita moja. Basi aliyemeza tembe akapona huenda angepona hata bila tembe, naye jirani yake atakwenda kununua zizo hizo kwa kusikia sifa. Walimu wa sayansi wangefanya vyema kuwapa wanafunzi mfano huu: kitu kufuatana na kingine si hoja kwamba kimesababishwa nacho.

Na huko "kukatwa" kunakoogopwa si kupasuliwa tumbo. Kidarubini chembamba hupitishwa katika mlango wa kizazi, kinyama kikaondolewa, na mara nyingi mgonjwa hurejea nyumbani siku iyo hiyo. Taabu ni kukifikia kifaa chenyewe. Kaunti ya Kitui ina ukubwa wa zaidi ya kilomita 30,000 za mraba, na zahanati ya kijijini haina kidarubini. Makueni ilionyesha njia mwaka wa 2016, familia ilipolipa shilingi 500 kwa mwaka na kutibiwa katika hospitali za kaunti. Tangu Oktoba 2024 tunayo Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Kwa maoni yangu, fedha za umma zitangulie kununua mashine za picha na vidarubini vya hospitali za Mwingi na Makindu, kabla ya kujaza rafu tembe.

Aliyekwisha kukoma hedhi kisha akaona damu, hata tone moja, asikubali tembe yoyote kabla ya kupimwa, na ikibidi utando huo uchukuliwe sampuli. Damu hiyo yaweza kuwa ya kinyama tu. Yaweza pia kuwa ya saratani, na tembe zitaificha hadi ikomae.