Mtu Mzima Kucheza na Treni Ndogo Si Ujinga, na Kisumu Ndiyo Inafaa Kuanza

Mtu mzima akichoma elfu tano Jumamosi moja kwa beti na pombe, hakuna mtu hushtuka. Ni wikendi, amefanya kazi, aachwe. Lakini mtu huyo huyo akikaa wiki mbili jioni akiunganisha treni ndogo ya matofali ya plastiki, na kituo chake na daraja lake, halafu aipeleke mbele ya watu itembee, utasikia: "Huyu ako sawa kweli?"

Leo nataka tubishane hapo.

Kwanza nieleze kwa wale hawajawahi kuona hii kitu. Ulaya, Marekani, Australia na kwingineko kuna klabu za watu wazima, walimu, madereva, wahandisi, wastaafu, ambao hobi yao ni kujenga reli za LEGO. Kila mwanachama anajenga kipande chake nyumbani. Mmoja anajenga soko, mwingine mlima, mwingine stesheni. Sheria kubwa ni moja: pale ukingoni, reli yako lazima ikutane na reli ya jirani. Siku ya maonyesho wanakuja na vipande, wanaviunganisha juu ya meza ndefu kwa ukumbi wa mji au kwa mall, na treni inazunguka mji ambao asubuhi haukuwepo. Watoto wanasimama hapo masaa. Na wazee pia, hata kama wanajifanya wameleta wajukuu.

Niliweka video ya meza kama hiyo kwa peji yangu na nikauliza: mbona hatuna yetu Kisumu? Majibu mengi yalikuwa ya aina tatu. Nitayajibu yote, juu naona yote yanatuibia kitu.

Jibu la kwanza: hiyo ni ya watoto.

Wasee, hebu tuanze na historia ya mji wenyewe. Reli kutoka Mombasa ilifika hapa tarehe 20 Desemba 1901. Karibu kilomita 930. Mahali ilipofikia paliitwa Port Florence, jina la Florence Preston, mke wa mhandisi aliyekuwa mbele na kikosi cha kutandika reli. Hiyo mnaijua, iko kwa vitabu vya shule. Yenye wengi hawajui ni venye meli zilifika ziwani.

Meli haiwezi kupanda mlima wa Mau. Kwa hivyo meli za kwanza zilijengwa Scotland, zikaunganishwa huko kwa bolti, kila kipande kikaandikwa namba, halafu zikafunguliwa zote. Mamia ya vipande. Vikapakiwa, vikaletwa Mombasa, vikasafirishwa hadi hapa, na mafundi wakaviunganisha tena kando ya ziwa wakifuata zile namba. William Mackinnon ilishushwa majini mwaka 1900, kabla reli yenyewe haijafika, na sehemu ya mzigo wake ilibebwa na wapagazi. Winifred ikafuata 1902 na Sybil 1903. Hata zile za juzi juzi, Victoria iliyoanza kazi 1961 na Uhuru ya 1966, zilikuja hivyo hivyo: vipande kutoka Scotland, meli kamili kutoka Kisumu.

Sasa niambie. Vipande vyenye namba, karatasi ya maelekezo, na mtu anayeunganisha mpaka kitu kitembee. Hiyo ni nini? LEGO kama kampuni ilianza Denmark mwaka 1932, na tofali lenyewe tunalolijua lilisajiliwa 28 Januari 1958. Mafundi wa Kisumu walikuwa wameunganisha meli za chuma kitambo. Na ile Uhuru ilikuwa ni meli ya kubeba mabehewa: behewa linatoka kwa reli, linaingia kwa meli, linavuka ziwa, linatoka upande ule mwingine na kuendelea na safari. Mtoto wa miaka saba akichora kitu kama hicho utasema ana mawazo mengi. Kilikuwa hapo pia, na Uhuru II ya kubeba mabehewa imejengwa hapa hapa Kisumu.

Kwa hivyo mtu akisema kuunganisha vipande ni kazi ya watoto, anatukana mji wake bila kujua.

Na tuseme ukweli kuhusu watoto. Wengi wetu tuliokulia Nyalenda, Manyatta, Obunga, au huko Dunga karibu na maji, tulijenga. Gari ya waya yenye usukani mrefu, magurudumu ya slipa iliyokatwa, lori la mkebe wa Kimbo, taa za vifuniko vya soda. Hakuna mtu alitufundisha. Ulikuwa unaangalia lori la miwa likipita, unarudi nyumbani unalijenga, na likiwa halikati kona vizuri unalifungua unaanza upya. Hiyo ni inginiaringi, hata kama hakuna mtu alikupa cheti.

Halafu ukifika miaka kumi na mbili hivi, unasikia "we tugo", acha mchezo. Unakuwa mkubwa. Mikono iliyokuwa inakunja waya inaingia mfukoni, na inatoka tu kushika simu. Mimi niliacha kampasi mwaka wa pili, na sitadanganya mtu kwamba ni juu ya gari za waya. Lakini nilikaa darasani na wasee waliokuwa wanasomea kuunda vitu, na semista nzima hakuna yeyote kati yetu aliyeunda kitu kwa sababu tu alitaka kukiona kikitembea. Kila kitu kilikuwa na maksi. Ukiondoa maksi, hakuna anayeinuka.

Hapo ndipo hasira yangu iko. Tumefundishwa kwamba kitu kisicholeta maksi wala doo ni upuzi. Kila hobi lazima iwe hasoo. Ukipika vizuri, mbona huuzi? Ukichora, mbona hufungui duka? Hata mimi ninayeandika hapa naulizwa kila siku peji yangu inaingiza ngapi. Kijana ambaye hawezi kufanya kitu kwa mapenzi tu hachelewi kuishiwa, na akiishiwa, ile elfu tano ya beti ndiyo inabaki kuwa burudani yake ya pekee. Halafu tunaitana watu wazima.

Jibu la pili: hiyo ni ya matajiri.

Hapa kuna ukweli, na sitajifanya siuoni. Seti kubwa ya treni ya LEGO bei yake inaweza kukulipia bedsitter miezi kadhaa. Ukingoja kununua hizo ndiyo uanze, utangoja mpaka uzeeke.

Lakini angalia vizuri klabu hizo zimejengwa juu ya nini. Si plastiki. Ni makubaliano kwamba kipande changu na chako vitakutana ukingoni. Hayo makubaliano hayauzwi dukani. Plaiwudi moja ya futi 8 kwa 4 ukiikata inatoa vipande vinne vya futi 4 kwa 2. Watu wanne, kila mmoja na kipande chake. Mkubaliane reli itaingia na kutoka inchi ngapi kutoka ukingoni, na upana wa reli ni ngapi, basi. Ndani ya kipande chako jenga na unachoweza: waya, katoni, mkebe, slipa, vijiti, na matofali ya plastiki ya mitumba ukiyapata kule Kibuye. Mota unaitoa kwa redio ya kaseti iliyokufa. Fundi wa juakali wa Kisumu hashindwi na hiyo, anatengeneza vitu vigumu zaidi kabla ya saa nne asubuhi.

Tena msijidanganye kwamba wenye LEGO wote wanajenga kila kitu. Hesabu ndogo tu: baadhi ya wajenzi wa treni za matofali hupunguza ukubwa wa kitu halisi karibu mara 38. Ukipunguza reli ya Mombasa hadi Kisumu hivyo, bado utabaki na zaidi ya kilomita 24 za reli ya kuchezea. Hiyo ni kama kutoka town mpaka Ahero na zaidi. Hakuna ukumbi duniani unaotosha. Kwa hivyo kila mtu, tajiri kwa maskini, lazima achague: nitaonyesha nini, na nitaacha nini? Kuchagua ndiyo kazi yenyewe, na haihitaji pesa.

Hapo tunafika jibu la tatu, na hili ndilo naliheshimu zaidi: reli ni kitu ya mkoloni, kwa nini tuipambe?

Swali zuri. Hiyo reli haikuja na maua. Wafanyakazi zaidi ya elfu thelathini waliletwa kutoka India kuijenga, na karibu 2,500 walikufa. Wanandi walipigana nayo miaka mingi, mpaka kiongozi wao Koitalel arap Samoei akauawa mwaka 1905. Na si mambo ya kale tu. Februari 2021, wakati reli ya zamani ilikuwa inafufuliwa, nyumba za jamii ya Wanubi kule Kibos zilibomolewa. Watu ambao familia zao zilikuwa pale tangu enzi za ukoloni waliachwa nje na vyombo vyao. Desemba mwaka huo huo treni ya abiria ya Nairobi ilirudi, na wengi wetu tukashangilia. Nilifurahi pia. Lakini furaha hiyo ilipita juu ya viwanja vya watu.

Sasa hapo ndipo nasema meza inahitajika zaidi, si kidogo. Tukikaa bila kujenga, hadithi ya reli hii itaendelea kusimuliwa na wengine. Makumbusho ya reli yako Nairobi, tangu 1971. Vitabu vingi viliandikwa na wageni. Na mgeni akijenga reli ya Uganda kwa matofali, ataweka nini? Injini nyeusi inayong'aa, simba wa Tsavo, mzungu mwenye kofia. Mama anayeuza omena hatamweka. Kibos hataiweka, juu haijui.

Mtu wa Kisumu akipewa kile kipande cha futi 4 kwa 2, atalazimika kujiuliza. Kando ya reli kuna nini? Nikijenga bandari mpya, niweke pia vibanda vya samaki vya Lwang'ni kabla havijaondolewa? Nikijenga Kibos, nyumba zisimame au ziwe zimelala? Ukiijenga nyumba ndogo ya katoni kwa mikono yako, na uiweke karibu na reli, halafu treni ikaribie, utaelewa kitu ambacho hotuba haiwezi kukuelewesha. Na mtoto aliyesimama mbele ya meza atauliza, "Mbona nyumba hizi zimeanguka?" Lazima mtu amjibu mbele ya watu. Hiyo ni siasa, na imekuja kupitia mchezo.

Kwa hivyo hapana, kujenga modeli ya reli si kuiabudu. Kuangalia tu ikipita kila siku bila kuuliza ni nani aliondolewa, hiyo ndiyo naona iko karibu na kuabudu.

Mji huu unajua kupokea watu. Tulipokea sherehe za Madaraka Day 2021. Tulipokea Africities Mei 2022, wajumbe kutoka bara zima. Tuna kumbi, tuna viwanja, tuna maonyesho ya shule na ya kilimo. Lakini sehemu ya watoto na vijana karibu kila hafla niliyohudhuria ni ile ile: bauncing kaso, spika kubwa, na bango la mdhamini. Unaruka dakika kumi, unalipa, unatoka. Hakuna kitu umeshika, hakuna kitu umejifunza kuhusu mahali umesimama. Waandaaji, meza moja haiwafilisishi. Kona moja, stima ya soketi moja, na kamba ya kuzuia watu wasiegemee. Wengine tutaleta sisi.

Na nyinyi wa komenti, nina ombi moja tu. Acheni kuuliza nani atatulipa. Mkitaka kunipinga, nipingeni mkiwa na kitu mkononi. Chukua kipande cha mbao, amua ni sehemu gani ya njia kati ya Muhoroni na ziwa unaijua vizuri kuliko mtu mwingine, na uijenge. Miwani na kiwanda chake. Mashamba ya miwa ya Chemelil. Stesheni yenyewe. Gati na meli yenye mabehewa tumboni. Mimi nimechagua Kibos, na nyumba zangu zitakuwa zimesimama.

Upande wangu, reli itaingia inchi sita kutoka ukingo wa mbele, katikati ya njia. Pima yako iwe hivyo hivyo, ndiyo tukikutana treni isianguke.