Souths walitimuliwa, wakaandamana, wakarudi: Ligi ya raga Australia ni ya nani?

Wadau, leo tuachane kidogo na soka. Kule Australia kuna ligi inaitwa NRL, ni raga ya wachezaji 13, siyo ile ya wachezaji saba ambayo Wakenya wanatamba nayo. Ukifuatilia timu zilizoingia na kutoka humo utaona jinsi pesa ya televisheni inavyoweza kumtoa nje hata mwenye nyumba.

Ilianza 1908 na timu 9, nyingi za mitaa ya Sydney. Cumberland walicheza msimu mmoja tu, basi. Glebe walikuwemo tangu siku ya kwanza, wakatolewa 1929. Newtown nao waliondoka baada ya msimu wa 1983, hela hamna. Wengine wakawa wanaingia, na kufikia 1995 timu zilikuwa 20, mpaka Auckland kule New Zealand na Perth, upande wa pili kabisa wa nchi.

Hapo ndipo moto ulipowaka. Kampuni ya Rupert Murdoch, News Limited, ilitaka mechi kwa ajili ya televisheni ya kulipia, ikaanzisha ligi yake, Super League. Wachezaji wakamwagiwa mapesa. Mwaka 1997 zikachezwa ligi mbili, moja timu 12, nyingine 10! Baadaye wakubwa wakakaa mezani, NRL ikazaliwa 1998 na timu 20, ila kwa sharti: ikifika 2000 zibaki 14.

Jamani, zilikuwa zimebaki kama siku za kutafuta mchumba. St George na Illawarra wakaungana 1999. Balmain na Western Suburbs wakawa Wests Tigers mwaka 2000. Manly na North Sydney nao wakafunga ndoa, ikavunjika 2002. Manly wakaendelea na ligi, North Sydney, waanzilishi wa 1908, wakabaki nje.

South Sydney wao hawakuungana na mtu. Hii ndiyo klabu yenye mataji mengi kuliko zote, timu ya Redfern, mtaa wa wafanyakazi na wenyeji asilia. Wakatupwa nje baada ya msimu wa 1999. Mwaka 2000 makumi ya maelfu ya watu wakaingia barabarani Sydney. Klabu ikashinda rufaa 2001, ikarudi uwanjani 2002. Cha ajabu, 2003 Mahakama Kuu ya Australia ikasema News Limited walikuwa na haki kisheria! Lakini Souths hawakutolewa tena, na 2014 wakabeba ubingwa wao wa kwanza tangu 1971. Mimi naona kilichowabakisha ni ule umati, siyo mawakili.

Na ile hesabu ya 14 iliishia wapi? Titans waliingia 2007 zikawa 16, Dolphins 2023 zikawa 17. Perth, waliofutwa baada ya 1997, wamepewa nafasi tena kuanzia 2027, tena kwa jina la Bears, lile lile la North Sydney. Halafu 2028 inatarajiwa timu ya Papua New Guinea, ambako mchezo huu ndio kila kitu. Serikali ya Australia imeahidi dola zake milioni 600 kwa miaka 10, maana haitaki China ijikite huko Pasifiki. Kwa hiyo zamani aliyeamua nani aingie alikuwa mwenye televisheni, safari hii na serikali imo.

Haya, wewe ungekuwa shabiki wa North Sydney ungewashangilia hao Bears wa Perth? Mwageni maoni hapo chini.