Namba Iliyo Ukingoni mwa Medali

Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Methali hiyo husemwa zaidi dukani, lakini yawahusu pia wazee waliokwisha kufariki. Katika nyumba nyingi za Kitengela na Kajiado mna sanduku la zamani, na chini kabisa, chini ya hati za shamba na picha zilizofifia, imo medali ya babu. Watoto wajua kwamba babu alikwenda vitani. Wakiulizwa ni vita vipi, mwaka gani, na alifanya kazi gani huko, hutazamana. Kisha siku moja hupita mnunuzi wa vyuma chakavu, akaipima ile medali kwa mizani, akalipa bei ya uzito wake. Jioni hiyo ukoo umepoteza shahidi wake wa mwisho.

Yafaa basi kila mwenye kitu kama hicho akitazame vema kabla hajakitoa. Medali za Vita Vikuu vya Kwanza hutambulikana upesi. Moja ni ya fedha, yenye kichwa cha Mfalme George wa Tano upande mmoja, na upande wa pili mtu aliyepanda farasi pamoja na miaka 1914 na 1918. Ya pili ina rangi ya shaba na sura ya mwanamke mwenye mabawa, na utepe wake una rangi za upinde wa mvua. Medali hizo za duara zilichorwa ukingoni namba ya askari, cheo chake, jina lake na kikosi chake. Herufi ni ndogo sana, kwa hiyo msomaji na aigeuze polepole katika mwanga wa jua, akitumia kioo cha kukuzia. Asiisugue kwa majivu wala kwa mchanga ili ing'ae, maana kila akisugua aifuta namba.

Namba hiyo ina thamani kuliko fedha yenyewe. Makarani wa jeshi waliandika majina ya Kiafrika kama masikio yao yalivyosikia. Mtu aliweza kuandikwa kwa jina la baba yake, au kwa jina la utani, au kwa jina ambalo nyumbani hakuna aliyelifahamu. Jina lilibadilika, lakini namba ilifuata mtu mmoja katika orodha za jeshi. Tena tarakimu iliyo mbele ya herufi za Keya, yaani KAR, huonyesha batalioni. Batalioni ya 3, kwa mfano, ilikuwa ya Kenya, na mwaka 1963 ikawa Kenya Rifles ya 3.

Medali za Vita Vikuu vya Pili ni kazi ngumu zaidi, kwa sababu serikali ya Uingereza ilizitoa bila majina. Nyota yenye neno "Africa" yaweza kumpeleka mtafutaji kwenye vita vya Uhabeshi vya mwaka 1941. Nyota yenye neno "Burma" yampeleka mbali zaidi, maana Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana katika bonde la Kabaw mwaka 1944, mvua kubwa ikinyesha, hata ikafika mto Chindwin. Hapa inatakiwa karatasi: cheti cha kuachishwa kazi jeshini, barua, au picha yenye beji ya kikosi. Karatasi kama hizo zisitupwe hata zikiwa zimeliwa na mchwa nusu yake.

Yafaa pia kukumbuka kwamba vita vilifika hapa hapa. Usiku wa kuamkia 3 Novemba 1914 jeshi la Waingereza lilitoka Namanga kwenda kuushambulia mlima Longido, uliokuwa mikononi mwa Wajerumani. Upinzani ulikuwa mkali na maji hayakutosha, jeshi likarudi nyuma. Pamoja na majeshi ya vita hivyo walikuwako wapagazi, waliobeba chakula, maji na risasi kwa vichwa vyao. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi, na wengi hawakupata kaburi lenye jina. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba wafu wa Afrika Mashariki hawakukumbukwa sawasawa na wafu wa Ulaya. Kwa hiyo asiyekuta medali sandukuni asidhani kwamba babu yake hakutumika. Mtaa wa Kariokor mjini Nairobi wachukua jina lake kwa kikosi cha wapagazi hao, na katika sanamu tatu za mwaka 1928 zilizo Kenyatta Avenue, moja ni ya mpagazi.

Mwenye namba au jina na aende kwenye Nyaka za Taifa, Moi Avenue, Nairobi, ambako taarifa za zamani za wilaya huhifadhiwa. Orodha za medali za vita vya kwanza ziko Kew, London. Huko pia ndiko ziliko faili nyingi zilizohamishwa kutoka Kenya kabla ya uhuru, ambazo zilianza kufunguliwa kwa watu wote mwaka 2012. Atakayemwambia kwamba medali ni hundi ya kulipwa London, naye adai ada kwanza, huyo asisikilizwe.

Lakini mtafutaji na ajitayarishe moyo. Iko medali nyingine ya fedha, yenye utepe wa manjano na kibao chenye neno "Kenya". Hiyo walipewa askari wa jeshi na polisi waliotumika wakati wa Hali ya Hatari, kuanzia mwaka 1952 hadi 1956. Katika mji kama Kitengela, ambako jirani wa mtu huyo huenda ni mjukuu wa mpigania uhuru wa msituni, neno hilo moja ni zito. Pengine ndiyo sababu babu aliificha chini ya sanduku na asiseme neno. Hata hivyo kuitupa hakutabadili lililotendeka. Mjukuu ajuaye kweli aweza kuzungumza na jirani yake kwa haki. Asiyejua hubaki na uvumi tu.

Basi leo, kabla ya giza, na litwaliwe daftari la shule. Iandikwe namba, na jina kama lilivyochorwa, na kila neno ambalo bibi au mjomba alikumbukalo. Medali yaweza kungoja sandukuni miaka mia. Bibi hawezi kungoja hivyo.