Wazee Wasipewe Makombo ya Muziki

Kuna tabia iliyoota mizizi katika vituo vya wazee, hasa huko Ulaya na Marekani ambako vituo hivyo ni vingi. Kilichokosa mwenyewe kwingine hupelekwa kwa wazee. Piano iliyokuwa ikiziba njia sebuleni, na wajukuu hawaitaki, hupelekwa kituoni. Mwanafunzi ambaye bado hajakimudu kipande chake huambiwa akajaribie kwa wazee, maana hao hawatamcheka. Siku yakikosekana hata hayo, runinga huwashwa tangu asubuhi, wazee wakapangwa mbele yake, kisha tukasema wameburudishwa. Ndugu msomaji, hayo si maburudisho, ni makombo. Mzee anastahili kupigiwa muziki ana kwa ana, na mtu anayejua kupiga, kwenye ala iliyo nzima.

Najua yupo atakayeniambia kwamba mzee anahitaji dawa, chakula na mtu wa kumgeuza kitandani, na kwamba muziki unaweza kungoja. Maneno haya yana sura ya busara, lakini yalishajibiwa zamani. Mwaka 1945, vita ilipokwisha Ulaya, mpiga fidla Yehudi Menuhin alikwenda Bergen-Belsen, kambi ya mateso iliyokuwa imekombolewa miezi michache kabla, akawapigia manusura. Aliyekaa kwenye piano alikuwa Benjamin Britten, mtunzi wa Kiingereza. Watu wale walikuwa wametoka katika njaa na maradhi yasiyosemeka, wala wawili hao hawakuwaambia wanenepe kwanza ndipo wasikilize. Mwaka 1977 Menuhin huyo huyo akawa mwasisi wa Live Music Now, shirika la Uingereza linalowapeleka wanamuziki vijana kwenye nyumba za wazee, hospitali na shule. Vijana hao hupita kwenye usaili, hufundishwa namna ya kukaa na wasikilizaji wa aina hiyo, na hulipwa. Hawaendi kwa wazee kujifunzia. Huenda wakiwa wameshaiva.

Mwingine atasema redio ipo, simu ipo, na sonata za Beethoven zinapatikana bure. Ni kweli. Lakini hebu mkalishe mzee hatua tatu kutoka kwenye piano iliyofunguliwa kifuniko. Ataziona nyundo ndogo zilizovikwa sufu zikiruka kugonga nyuzi. Atauona mguu wa mpigaji ukikanyaga pedali na kuiachia, na atamsikia akivuta pumzi kabla ya sehemu ngumu. Yule ambaye masikio yamekuwa mazito, na aruhusiwe kuweka kiganja ubavuni mwa piano. Sauti nzito za mkono wa kushoto zitampanda mkononi kupitia kwenye mbao. Tena kipande kikiisha, bibi aliyekaa mstari wa mbele anaweza kumwambia kijana kwamba amekipiga mbio mno, na kijana akakirudia polepole. Redio haikosolewi ikajirekebisha. Kukosoa na kusikilizwa ni heshima ambayo wazee wengi hawajaionja tangu siku waliyostaafu.

Wapo pia wanaodhani kwamba uzee humwondolea mtu uwezo wa kutofautisha kizuri na kibaya. Hao na wamtazame mpiga piano Arthur Rubinstein, aliyepiga tamasha lake la mwisho London mwaka 1976 akiwa na miaka 89, macho yakiwa karibu yamezimika. Wamtazame mpiga piano mwenzake Mieczysław Horszowski, aliyekuwa bado akipanda jukwaani mwaka 1991 akiwa na miaka 99. Mtunzi wa opera Giuseppe Verdi naye alijua thamani ya wazee wa namna hiyo. Alijenga Milan nyumba ya kuwatunza wanamuziki waliozeeka bila akiba, akaiachia mirabaha ya opera zake, na akataka isifunguliwe mpaka afe, asije akasumbuliwa kwa shukrani. Alifariki mwaka 1901, nyumba ikafunguliwa mwaka 1902, na hadi leo wazee wamo, pamoja na wanafunzi wa muziki wanaokaa nao. Mwanafunzi anayepiga mbele ya wazee hao hathubutu kubabaisha. Basi na katika kituo cha kawaida asithubutu, kwa sababu kwa kumtazama mtu usoni huwezi kujua kwamba ndiye aliyepiga kinanda cha kanisa ujana wake wote. Hata aliyepatwa na ugonjwa wa kusahau, asiyelikumbuka tena jina la mwanawe, mara nyingi huufuata wimbo wa ujanani mwake mpaka mwisho.

Kwa hiyo kazi ifanywe kwa makini. Piano ya kupewa ikaguliwe kabla haijapokewa, maana vigingi vinavyokaza nyuzi vikishalegea, fundi atalinganisha sauti leo na wiki ijayo zitakuwa zimekwisha kuteguka. Isiwekwe karibu na dirisha wala kipasha joto. Tamasha liwe mchana, lisizidi saa moja, viti viwe na mikono ya kujishikia, na viti vya magurudumu viwekwe mbele, visitupwe nyuma mlangoni.

Hapa nawasemesha hasa ndugu zetu wa Afrika Mashariki wanaofanya kazi ya kuhudumia wazee huko Uingereza na Marekani. Ninyi ndio mnaojua yupi amevaa kifaa cha kusikia. Vifaa hivyo hutengenezwa kwanza kwa ajili ya mazungumzo, na piano ikinguruma huweza kuipotosha sauti yake. Vingi vina mpangilio maalumu wa muziki. Uwekeni kabla tamasha halijaanza. Kazi hiyo ni ya dakika moja, na bila hiyo mzee atakaa saa nzima akisikia kelele, kisha ataandikwa kwamba hapendi muziki.

Nanyi vijana mnaosomea piano, wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Msimwendee mzee na kipande ambacho mngeona haya kukipiga mbele ya mwalimu wenu. Na ninyi wenye vituo, mpigaji alipwe, kwa kuwa anayeitwa bure mwaka mzima hatimaye huleta kazi ya bure. Tena kabla hamjamwalika yeyote, mwiteni fundi aifungue hiyo piano iliyo ukumbini, awaambieni kama inafaa kupigwa au imebaki kuwa meza ya kuwekea maua.