Theluji Peke Yake Haijazi Mto



Sisi wa Nyahanga hatuna mlima wenye theluji. Vijito vyetu hujaa wakati wa mvua, kisha hukauka. Huko Kilimanjaro mito hutiririka hata kiangazi. Wengi husema, "Wenzetu wana bahati, mlima wao una barafu." Mimi nasema bahati yao kubwa ni msitu.

Tuufuate Mto Pangani. Maji yake mengi hutoka milima ya Kilimanjaro na Meru. Mito ya Kikuletwa na Ruvu huyafikisha katika bwawa la Nyumba ya Mungu. Kutoka hapo Mto Pangani huenda kuzungusha mitambo ya umeme ya Hale. Mwisho huingia Bahari ya Hindi.

Je, maji hayo yametoka kwenye barafu? Ni machache tu. Kilele cha Kilimanjaro kina urefu wa mita 5,895. Huko juu mvua na theluji ni kidogo. Tena barafu nyingine hugeuka mvuke kwa jua kali, haifiki mtoni. Mvua nyingi hunyesha chini yake, penye msitu. Majani hupunguza nguvu ya mvua. Mizizi huyapa maji njia ya kuingia ardhini. Baadaye maji hutoka polepole kwenye chemchemi.

Tangu mwaka 1912 hadi 2011, zaidi ya robo tatu ya barafu hiyo ilitoweka. Mito haikutoweka pamoja nayo. Lakini msitu ukikatwa au ukiungua, chemchemi hupungua.

Basi, barafu hatuna, ila miti tunaweza kuwa nayo. Wazee wetu walitenga ngitili, yaani malisho ya akiba ya kiangazi. Mwaka 1986 mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulianza, na ngitili nyingi zilifufuliwa. Nyasi na miti vilirudi.

Najua mkaa huleta fedha za sabuni na chumvi. Lakini anayekata miti kwenye chanzo cha kijito anauza pia maji ya jirani yake. Siku hizi maji ya Ziwa Victoria hufika Kahama kwa bomba. Hata hivyo, bomba hilo halinyweshi mahindi yako.

Ndugu, tulizungumze jambo hili mkutanoni. Tutenge vyanzo vyetu, tuweke mipaka, na tukubaliane adhabu. Tusingoje theluji.