Jichunge na Nini?

Kila mtu mwenye sukari nchini hii ameambiwa neno hilo hilo moja. Daktari analisema huku tayari akiita mgonjwa anayefuata. Shangazi analisema harusini, akikutoa sahani ya pilau mkononi mbele ya watu. Pasta analisema, jirani analisema, hata konda aliyekuona ukinunua soda pale steji ana maoni: jichunge. Nawe unaitikia "sawa", kwa sababu mkubwa akikupa ushauri ndivyo unavyojibu. Swali ambalo hawa wote hawataki kuulizwa ni rahisi tu. Nijichunge na nini?

Maana sukari ya damu haionekani wala haisikiki. Msee anaweza kukaa kwa 14 miezi mingi, anaenda job, anapiga stori, Jumapili anacheza mpira, na huku mishipa midogo ya macho na figo inaharibika bila kelele. Mwingine ambaye amezoea kuwa juu akishuka hadi kiwango cha kawaida anatetemeka, anadhani anakufa. Mwili ni shahidi mbaya sana katika kesi hii. Ndiyo maana kuna kipima sukari: tone moja la damu, kimeng'enya kwenye stripu kinakutana na glukosi, umeme kidogo unatokea, mashine inausoma, na baada ya sekunde chache una namba. (Nawa mikono kwanza. Ukitoka kumenya embe utapima embe.)

Sasa angalia jinsi hii biashara ilivyopangwa. Mashine yenyewe si ghali kivile. Kuna wakati inagawiwa bure kwa kambi za matibabu, watu wanapiga picha na wanashukuru. Stripu ndiyo haiishi kununuliwa. Na stripu ya mashine hii haiingii kwa ile, kwa hivyo ukishapewa mashine ya bure umeshachaguliwa duka. Bei inategemea ni duka lipi, lakini tuseme umepata kwa shilingi 40 moja. Mtu anayedunga insulini akipima mara 4 kwa siku ni shilingi 160. Kwa mwezi ni 4,800, na hapo hajanunua insulini, hajanunua sindano, hajalipa nauli ya kliniki wala kodi ya nyumba. Halafu wewe unamwambia ajichunge.

Kinachofanyika ni hiki. Watu wanapima mara moja kwa mwezi, siku ya kliniki, alfajiri, tumbo likiwa tupu. Wengine wanajinyima chakula siku 2 kabla ili wasigombezwe na nesi. Namba inatoka 6.8, inaandikwa kwa kitabu, mgonjwa anaambiwa anaendelea vizuri na tarehe nyingine inapangwa. Lakini namba ya asubuhi inakueleza usiku ulivyokwenda. Haisemi lolote kuhusu ugali wa saa saba mchana. Kuna kipimo kizuri zaidi, HbA1c, ambacho kinaonyesha wastani wa miezi 2 hadi 3, na wengi wanalenga wawe chini ya asilimia 7. Kizuri, ndiyo, ila wastani nao una ujanja wake. Mtu anayeruka kutoka 3 hadi 17 na kurudi anaweza kuwa na wastani sawa na yule anayekaa tu hapo kwa 10 siku nzima. Kwa karatasi wanafanana. Mmoja wao anaweza kuzimia leo jioni akivuka barabara.

Pahali penye namba hazipo, uvumi unajaa. Nani hajaambiwa kuwa uji wa wimbi hauna sukari? Au kwamba ugali ukiwa wa kahawia unaweza kula mlima? Wimbi ni wanga, na ukisagwa laini ukawa uji unameng'enywa haraka, sukari inapanda vizuri tu. Githeri yenye maharagwe ya kutosha kwa watu wengi inapanda polepole zaidi. Lakini "watu wengi" si wewe. Njia ya kujua ni kupima kabla ya kula na tena baada ya saa 2, uone kama umebaki chini ya 10 au umevuka. Ukifanya hivyo wiki 2 na vyakula unavyokula kweli, si vile vya kwenye chati ya ukutani yenye brokoli na samaki wa salmoni, utajua kuhusu mwili wako kuliko utakavyoelezwa kliniki mwaka mzima. Utajua kwamba chapati 1 na ndengu ziko sawa, ya 2 ndiyo shida. Huko ndiko kujichunga. Na inahitaji kama stripu 50.

Kuna atakayeniambia utafiti umeonyesha kwamba mtu wa aina ya pili asiyetumia insulini hafaidiki sana akijipima kila siku. Ni kweli, na sitaki kila mtu anayemeza metformin ajitoboe vidole mara 4. Kupima tu bila kujua ufanye nini na namba ni kujiumiza bure. Lakini hoja hiyo inachukuliwa na watu wenye bajeti, inageuzwa kuwa sababu ya kutompa mtu yeyote chochote, hata yule anayedunga.

Na huyo anayedunga ndiye nataka tumzungumzie. Chini ya 4 sukari ni hatari, si "njaa kidogo". Mtu wa mjengo amedunga asubuhi akitegemea chakula cha mchana, halafu lanchi haijaja kwa sababu malipo hayajatoka. Saa nane anatoa jasho, maneno yanapotea, anakasirika ovyo, na wenzake wanadhani amelewa. Maelekezo yanajulikana dunia nzima: kama anaweza kumeza, mpe sukari vijiko 3 au 4 vya chai kwa maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida ya mililita 300, ngoja dakika 15, pima tena. Kama hawezi kumeza usimwagie kitu mdomoni, mkimbize hospitali. Soma tena hapo katikati. Pima tena. Na stripu gani?

Mimi naona hata jina lenyewe linatudanganya. Tukisema "ako na sukari" tunasikia kama mtu amekula sukari nyingi akaadhibiwa. Mtoto wa aina ya kwanza hakula kitu. Kinga yake ya mwili ilishambulia seli za kongosho zinazotengeneza insulini, basi. Bado atafika bodingi, aonekane na sindano, aitwe ofisini aelezee. Kuna miradi ya wafadhili inayowapa watoto na vijana kama hao insulini na stripu bure, na imeokoa maisha ya wengi. Lakini umri una kikomo chake, na mfadhili naye ana siku yake ya kuondoka. Ukivuka umri ugonjwa haujui kwamba umevuka.

Katika pengo hilo ndipo wanapoingia wale wa video, "maliza sukari kwa siku 30", chupa ya majani 3,500, tuma kwa namba hii. Kinachouma ni kwamba wanachokonoa kitu chenye ukweli. Utafiti wa Uingereza uitwao DiRECT, matokeo yake ya kwanza yakitoka 2017, ulionyesha kuwa karibu nusu ya watu wa aina ya pili waliopunguza uzito kwa lishe kali walirudisha sukari yao chini bila dawa kwa mwaka. Lakini hao walikuwa na ugonjwa usiozidi miaka 6, hawakuwa wanatumia insulini, na walifuatiliwa na kupimwa hatua kwa hatua. Muuza majani hampimi mtu. Anakwambia uache dawa, na wewe huna stripu ya kukuonyesha Jumatano kwamba umefika 22.

Jibu la serikali huwa ni pesa hakuna. Hebu tupige hesabu, manze. Enzi za NHIF, kusafisha damu kwa mtu ambaye figo zimekufa kulilipiwa shilingi 9,500 kwa kikao, vikao 2 kwa wiki. Hiyo ni 19,000 kwa wiki. Kwa shilingi 40 ni stripu 475, yaani karibu miezi 4 ya kupima mara 4 kwa siku. Wiki moja ya mashine ya figo! SHA ilipochukua nafasi Oktoba 2024 iliendelea kulipia huduma hiyo, na ni haki, sitaki mtu yeyote aguse kikao cha mgonjwa wa figo. Ila kisukari ni kati ya visababishi vikubwa kabisa vya figo kufa, na stripu ya nyumbani, kwa walio wengi, bado inatoka mfukoni.

Na tusiambiwe haiwezekani. Dawa za ukimwi zilikuwa za matajiri nchini hii mpaka wagonjwa wenyewe na watetezi wao walipoikalia serikali ngumu, sheria ya mali ya viwanda ya 2001 ikafungua mlango wa dawa za bei nafuu kutoka nje. Leo ARV ni bure kwa hospitali ya umma na hakuna anayeona ajabu. Watu wa sukari hawajawahi kuandamana hivyo. Wameshughulika kuona aibu.

SHA wana orodha ya wanacholipia, na inabadilishwa. Stripu iandikwe humo kwa jina, kama dawa, 100 kwa mwezi kwa kila anayedunga insulini na 50 kwa kila aliyegunduliwa leo ili ajifunze mwili wake. Na kampuni ikitaka tenda ya serikali, mashine yake isome stripu za wengine.