Hiyo Mashine ya Kushika Chuma Haioni Mshipa Wako

Wasee wa Migori na Homa Bay, leo najua nitachukiwa na watu, na wengine wao tulisoma darasa moja. Sawa tu.

Hii biashara mnaijua. Hema dogo karibu na stendi, meza, laptopu, kijana amevaa koti jeupe. Unashika kifimbo cha chuma kama dakika moja, anabonyeza kitu, karatasi inatoka: damu yako nzito, mishipa imepoteza mnyumbuko, mafuta yameganda kwenye ubongo. Dawa nayo, kwa bahati nzuri sana, iko hapo hapo mezani. Chupa tatu kutoka Uchina, za kuzibua mishipa.

Kabla hujaandika hapo chini ati nachukia vitu vya Wachina, tulia. Karibu kila mmoja wetu aliyekulia huku kando ya ziwa ameshatibiwa na mmea wa Kichina. Zile tembe za njano za malaria, AL, nusu yake imetokana na artemisinini, na hiyo ilitolewa kwenye mmea unaoitwa qinghao. Mama mmoja mwanasayansi, Tu Youyou, alipata wazo la kuitoa bila kuchemsha kutoka kwa kitabu cha tiba cha karne ya 4. Akajaribu kwa wanyama, halafu yeye na wenzake wakainywa wenyewe kwanza, halafu ikapimwa kwa wagonjwa. Mwaka 2015 akapewa Nobel. Kwa hivyo shida yangu si Uchina, wala si majani. Mimi nauliza tu: nani alipima, alipima kwa watu gani, na nini kiliwapata?

Na hata kwa mambo ya mishipa Wachina wamepima. Kuna dawa yao inaitwa Tongxinluo, ndani kuna ginseng, ruba, nge na hata tandu (ndiyo, tandu). Mwaka 2023 jarida la JAMA lilichapisha utafiti wa wagonjwa 3,777 wa mshtuko wa moyo katika hospitali 124 za Uchina. Ndani ya siku 30, waliopata mabaya kama kifo, stroki au mshtuko mwingine walikuwa asilimia 5.2 kwa waliopewa dawa bandia, na 3.4 kwa waliopewa Tongxinluo. Si mchezo. Lakini hao wote walikuwa wamelazwa, na wote waliendelea na matibabu ya kawaida ya hospitali. Hiyo ya Kichina iliongezwa juu. Hakuna aliyeambiwa atupe tembe zake.

Shangazi yangu wa Awendo aliambiwa.

Alikuwa na presha, anameza tembe moja kila asubuhi, hana shida. Jamaa wa koti jeupe akamwambia za hospitali zinachosha figo, aziache miezi mitatu ndio mishipa isafishwe vizuri. Akatoa 13,500, pesa ya chama. Wiki ya saba akaanguka kwenye miwa, upande wa kulia wote umekufa. Tulipomfikisha hospitali presha ilikuwa 190 juu ya 110. Siwezi kuapa kwamba chupa ndiyo ilimwangusha. Lakini tembe aliziacha kwa sababu ya nani? Na yule jamaa alipopigiwa simu alisema hiyo ni dawa inafanya kazi, sumu inatoka. Manze.

Hebu tuongee kuhusu mshipa wenyewe, kwa sababu uongo wote unaanzia hapo. Wanakuonyesha picha ya paipu lenye uchafu, na wewe unafikiria ni kama sinki, mwaga kitu lizibuke. Haiko hivyo. Yale mafuta hayakai ndani ya njia ya damu, yanaingia kwenye ukuta wa mshipa na kujijenga polepole, miaka na miaka, yakisaidiwa na presha, sukari, sigara na kolesteroli. Ukuta ukipasuka hapo, damu inaganda kwa dakika chache, na hiyo ndiyo mshtuko wa moyo. Dawa nzuri inafanya ule ukuta usipasuke. Na kuona kama mshipa wa moyo umekuwa mwembamba kunahitaji dawa ya rangi kuingizwa kwenye damu na picha za eksirei au CT. Kiganja hakionyeshi hiyo kitu. Ile mashine inakuuliza nini kwanza? Umri, jinsia, kimo, uzito. Mtu wa miaka 58 mwenye kitambi, hata mimi nitakuambia mishipa yake ina shida, na sihitaji chuma.

Halafu hii stori ya "ni ya asili, haina madhara". Mchele mwekundu wa Kichina, ule wa kushusha kolesteroli, kweli unashusha. Unajua kwa nini? Ndani yake kuna monakolini K, ambayo ni lovastatini kabisa, dawa ya hospitali, ila hapa hujui umekunywa kiasi gani. Sasa, kuna ARV za kundi lenye ritonaviri ambazo hazitakiwi kukutana na lovastatini hata kidogo, kwa sababu misuli inaweza kuharibika na figo zifuate. Tunaishi kwenye kaunti mbili zenye HIV nyingi kuliko karibu zote Kenya. Muuzaji anauliza unatumia dawa gani? Na hata akiuliza, wewe utamjibu hapo kwa hema, foleni ikisikiliza? Danshen nayo, mzizi mwekundu wa "kusukuma damu", ukikutana na warfarini unaweza kukufanya utoke damu vibaya, na warfarini hapa inatumiwa na vijana wengi tu wenye shida ya vali za moyo. Na Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake zaidi ya 100 waliharibika figo kwa vidonge vya kupunguza mwili vyenye majani ya Kichina, kwa sababu mmea mmoja ulichanganywa na mwingine. Figo hizo hizo ambazo jamaa alikuwa anamlindia shangazi.

Kinachochekesha ni kwamba hiyo ya hema hata si tiba ya Kichina. Kule daktari wa tiba ya asili anasoma chuo kikuu miaka 5. Anaangalia ulimi, anashika mpigo kwenye kifundo cha mkono, anakuuliza maswali mpaka unachoka, halafu anachanganya dawa yako wewe. Hapa nyanya wa Mbita na dereva wa Rongo wanapewa chupa ile ile. Heri hata manyasi, angalau nyamrerwa unajua boma lake na anaweza kukuonyesha mti.

Naelewa kwa nini watu wananunua. Unaamka saa kumi, unapanga foleni, daktari anakuona dakika tatu, dawa ya presha imeisha, ukanunue nje. Kwa hema unakalishwa, unaitwa mama, unasikilizwa saa nzima. Hiyo serikali za kaunti zetu wajibu, na nitarudi kwao.

Lakini wewe mwenye umemaliza chuo juzi, hakuna kazi, ukaambiwa ulipe ya kujiunga ukaitwa "daktari" baada ya semina ya wikendi mbili, na wateja wako wa kwanza ni mama yako na wamama wa kanisa lake: wewe ndio naongea na wewe. Njaa yako naijua. Ila usimwambie mtu aache tembe ya presha. Uza, kama lazima uuze, lakini hiyo sentensi isitoke kwa mdomo wako.

Na kama unaamini mashine yako, nimetoa ombi tangu mwezi uliopita. Tunapima mtu mmoja mara mbili, mara ya kwanza tunaandika miaka 22, mara ya pili 65, simu inarekodi bila kukatwa, Homa Bay au Migori, chagua wewe. Wamejibu wawili. Mmoja ameniblock, mwingine ameniuliza kama nataka kujiunga chini yake.